Joto si tui la nazi: pampu ya baiskeli, injini ya dizeli na barafu ya Kibo

#1 MwalimuWaJioni

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Moshi, vijana wa kidato cha tano na sita. Kuna swali moja linanirudia kila mwaka, na kila mwaka vijana wenye akili nzuri wanalikosa. Si kwa uvivu, neno lenyewe ndilo limewatega. Nimeona nifungue uzi tulijadili kwa Kiswahili, maana naamini likieleweka kwa lugha tunayoiotea ndoto halisahauliki tena.

Juzi niliingia darasani na pampu ya baiskeli, ile ndefu ya chuma inayosimama chini. Tukaichomeka kwenye tairi lililokuwa limelala, nikamwambia kijana mmoja ajaze upepo bila kupumzika. Alipiga kama mara arobaini, tairi likawa gumu. Nikamwambia shika hapo chini kabisa, pale mpira unapochomoza. Aligusa, akautoa mkono mara moja. Darasa zima likaja kugusa.

Nikauliza: joto hilo limetoka wapi?

Mmoja akasema limetoka mikononi mwake. Wengi wakasema msuguano. Binti mmoja mkimya wa nyuma akasema: "Mwalimu, joto lilikuwamo ndani ya hewa toka mwanzo. Tumeibana hewa, joto likakamuka, kama tui kwenye kifumbu."

Naanza na jibu la huyu binti kwa sababu ndilo lililofikiriwa zaidi, ingawa si sahihi. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier aliliweka joto kwenye orodha yake ya elementi, pamoja na oksijeni na hidrojeni. Kwa wasomi wa wakati ule joto lilikuwa kitu, majimaji yasiyo na uzito yaliyojificha ndani ya vitu, ukibana yanatoka. Tui kabisa.

Sasa tui lina tabia moja: huisha. Kamua la kwanza, zito. La pili, jepesi. La tatu, maji matupu. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alieleza alichokiona kwenye karakana ya mizinga huko Munich. Chuma cha mzinga kilizamishwa ndani ya sanduku la maji, farasi wakakizungusha huku kekee butu ikikikandamiza. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka, na hapakuwa na moto wowote chini. Kadiri farasi walivyozunguka, joto lilizidi kuja, halikuonyesha dalili ya kukauka. Kitu kinachokuja bila kikomo hakikuwa kimekaa mle ndani kikisubiri kukamuliwa.

Kwa hiyo tutenganishe maneno. Jotoridi ni kile kinachosomwa na kipimajoto. Nishati ya ndani ni jumla ya mihangaiko ya molekuli zote za gesi. Joto ni nishati inayovuka kutoka kitu chenye jotoridi kubwa kwenda chenye jotoridi dogo. Kazi ni nishati inayovuka kwa kusukuma au kusukumwa. Hayo mawili ya mwisho ni njia za kupita, hayakai ndani ya gesi. Ni kama pesa ya simu: unaweza kuweka kwa wakala, unaweza kutumiwa na shemeji yako, lakini ikishaingia ni salio tu. Huwezi kuchungulia ndani ya salio ukasema hii noti ni ya wakala na hii ni ya shemeji.

Hewa ya kwenye pampu haikupewa joto na mtu. Ilifanyiwa kazi. Mkono ulisukuma pistoni, pistoni ikazigonga molekuli. Waliocheza mpira wanajua: ukiupiga mpira unaokujia huku mguu nao unaufuata, unarudi kwa kasi kuliko ulivyokuja. Molekuli zikigonga pistoni inayozijia zinarudi na kasi zaidi, salio linapanda, na jotoridi nalo linapanda. Baada ya hapo ndipo joto linaingia kwenye habari: hewa iliyochemka inakipa chuma joto, chuma kinaipa vidole.

Karibuni, mnikosoe pia.

#2 FundiMakambako

Mwalimu, salamu. Mimi ni fundi wa magari makubwa, si msomi wa fizikia, ila nimeshika pampu nyingi. Sikubali haraka hivyo kuitupa hoja ya msuguano. Ndani ya ile pampu kuna washa ya ngozi, inasuguana na chuma juu chini. Wewe umejuaje kama si hiyo iliyoleta moto?

#3 MwalimuWaJioni

Fundi, swali lako ndilo lililochukua nusu ya kipindi.

Tulifanya hivi. Tuliacha pampu ipoe, tukachomoa mpira kwenye tairi ukabaki wazi hewani, kijana yuleyule akapiga mara arobaini kwa mwendo uleule. Washa ileile, chuma kilekile. Chini palikuwa vuguvugu kidogo tu, ukiweka mkono unakaa. Tofauti ni kwamba safari hii hewa haikubanwa, ilipita ikaenda zake.

#4 FundiMakambako

Bado. Washa ya pampu imekatwa kama kikombe. Presha ikipanda inatanuka na kukaza zaidi ukutani. Kwa hiyo ukijaza tairi msuguano ni mkubwa kuliko ukipiga hewani. Majaribio yako mawili hayako sawa.

#5 MwalimuWaJioni

Hapo umenishika, na nakubali. Kwenye tairi msuguano unaongezeka. Sikulifikiria hilo.

Basi tazama ushahidi wa pili: *mahali* pa joto. Washa inasugua bomba lote, kuanzia juu hadi karibu na chini. Ingekuwa msuguano peke yake, bomba lote lingepata moto, na sehemu ya katikati ambapo washa inapita kwa kasi ingepata zaidi. Sisi tulikuta moto mkubwa ni pale chini kabisa na kwenye shina la mpira, mahali ambapo washa haifiki, lakini hewa iliyobanwa inapita yote. Juu pampu ilikuwa baridi kama chuma kingine chochote.

Msuguano upo na unachangia. Ila mchango mkubwa ni kazi iliyofanywa juu ya hewa.

#6 PCM_Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha tano. Nimefurahi kukuta uzi huu kwa sababu nimechanganyikiwa. Mwalimu wetu wa fizikia ameandika ΔU = Q − W (ΔU ni badiliko la nishati ya ndani, Q ni joto lililoingia, W ni kazi). Mwalimu wa kemia kaandika ΔU = Q + W. Wote wawili wanasema ni kanuni ya kwanza ya themodinamiki. Nimeandika moja kwenye jaribio la nyingine nikapata sifuri.

#7 KemiaKwanza

Mdogo wangu, pole. Mimi nafundisha kemia, niruhusuni nijibu hili.

Wote wawili wako sahihi, wanaiita W vitu viwili tofauti. Mwalimu wa fizikia anaangalia kwa jicho la mtu wa injini: W ni kazi ambayo gesi *imeifanya* nje. Gesi ikifanya kazi inatoa kwenye salio, ndiyo maana anatoa. Mwalimu wa kemia anaangalia kwa jicho la gesi yenyewe: W ni kazi *iliyofanyiwa*. Inaingia kwenye salio, ndiyo maana anajumlisha.

Kabla ya kuandika fomula andika sentensi moja pembeni ya karatasi: "W ni kazi iliyofanywa na gesi" au "W ni kazi iliyofanywa juu ya gesi". Nimesahihisha mitihani mingi, mtoto anayeandika sentensi hiyo hakosei alama ya kutoa na kujumlisha. Na sisi walimu tunawakosea sana watoto tunapobadilisha maana bila kuwaambia.

#8 FundiMakambako

Mwalimu, hapa kwetu asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi inakata masikio. Lori zinalala nje, alfajiri dereva anapiga stata mpaka betri inalia. Injini mpya inawaka, iliyochoka inakataa, inatoa moshi mweupe tu. Saa nne jua likitoka, lori lilelile linawaka kwa mshindo mmoja. Dizeli haina plagi ya cheche, hilo najua, inawashwa na kompresheni. Lakini sijawahi kuelezwa kompresheni inawashaje. Ni hii hii ya pampu?

#9 MwalimuWaJioni

Ni hii hii, fundi. Injini yako ni pampu ya baiskeli iliyopewa nguvu ya kutosha.

Hewa inaingia kwenye silinda. Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka inabaki sehemu moja ya 18 ya nafasi iliyokuwa nayo (uwiano wa injini nyingi za dizeli uko hapo karibu). Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Joto halipati muda wa kukimbilia kwenye kuta za chuma. Mbano wa namna hii, ambao kazi inaingia lakini joto halivuki, tunauita wa adiabatiki. Kwa hewa kanuni yake ni:

T2 = T1 × (V1/V2)^0.4 (T ni jotoridi, V ni ujazo; 1 ni kabla ya mbano, 2 ni baada yake)

Hiyo 0.4 imetokana na uwiano wa 1.4 kati ya viwango viwili vya joto mahususi la hewa, tutaufikia. Rudolf Diesel alipopata hataza yake Ujerumani mapema miaka ya 1890, wazo lake lilikuwa kuibana hewa peke yake mpaka iwe moto wa kuwasha mafuta, kisha ndipo mafuta yapulizwe ndani. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa na kifaa cha kuwashia moto kwa njia hiyohiyo muda mrefu kabla yake: kijibomba cha mti au pembe na kijiti chake, unakandamiza kwa kiganja mara moja, nyuzi kavu zilizo ndani zinashika cheche.

PCM_Tukuyu, kazi ni yako. Hewa inaingia ikiwa nyuzi 27 za Selsiasi. Inabanwa mara 18. Jotoridi linafika ngapi?

#10 PCM_Tukuyu

18 kwa kipeo cha 0.4 nimepata 3.18. Mara 27 ni 86. Kwa hiyo nyuzi 86.

#11 FundiMakambako

Kijana, nyuzi 86 ni maji ya rejeta. Hayo hayawashi dizeli hata siku moja.

#12 MwalimuWaJioni

Fundi amekusahihisha kwa njia bora kuliko yangu: jibu lako amelipeleka gereji, limekataa kuwaka.

Kosa liko hapa. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda, si mahali mihangaiko ya molekuli inapofikia kikomo cha chini. Huwezi kuzidisha jotoridi mara tatu kwa kuanza kuhesabu kutoka katikati ya ngazi. Anza chini kabisa: kelvini. Nyuzi 27 ni kelvini 300. Mara 3.18 ni kelvini 953. Toa 273, unapata nyuzi 680 za Selsiasi.

Dizeli inajiwasha yenyewe kwenye nyuzi mia mbili na kitu. Sasa inawaka.

Na kanieneo (presha, kwa lugha ya fundi) inatoka 1 hadi 57 hivi, kwa sababu 18 kwa kipeo cha 1.4 ni 57. Ungeibana hewa ileile polepole sana, ukaliachia joto lote litoke kwenye kuta, jotoridi lingebaki palepale na kanieneo ingefika 18 tu, ile kanuni ya Boyle ya mwaka 1662. Zikumbuke hizo namba mbili, 18 na 57.

Tofauti hii ya haraka na polepole iliwahi kumpoteza hata Isaac Newton. Kwenye kitabu chake cha 1687 alipiga hesabu ya kasi ya sauti akichukulia kwamba hewa inabanwa na kuachiwa kwa jotoridi lilelile. Kwa hewa ya nyuzi 27 hesabu hiyo inatoa mita 293 kwa sekunde. Sauti halisi inakwenda 347. Mwaka 1816 Laplace alionyesha kasoro: mawimbi ya sauti yanabana hewa haraka mno, joto haliwahi kuvuka. Zidisha 293 kwa kipeuo cha pili cha 1.4, unaipata 347. Kila nikilifundisha hili moyo wangu unafurahi, kwamba namba moja inayowasha lori la Makambako ndiyo inayoamua sauti ya kengele ifike lini.

#13 MamaLishe_Ubungo

Habari zenu. Mimi napika chakula cha wateja, natumia mtungi wa kilo 15. Nikiwasha majiko mawili makubwa pamoja kwa muda mrefu, mtungi unatoa jasho kwa nje, chini unakuwa baridi kama soda, na moto unapungua wakati gesi bado imo. Hii nayo ni kutanuka mnakosema?

#14 KemiaKwanza

Mama, ahsante kwa kuleta jambo la jikoni. Wengi wanajibu "ndiyo, gesi inatanuka inapoa", na hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini sababu kubwa hapo ni nyingine.

Utikise mtungi, utasikia majimaji. Ndani mna propeni na byuteni zilizogeuzwa kimiminika. Ukifungua jiko, mvuke wa juu unatoka, kanieneo inashuka kidogo, kimiminika kinaanza kuchemka kuufidia. Kuchemka kunahitaji nishati, zaidi ya kilojouli 300 kwa kila kilo. Hakuna moto chini ya mtungi, kwa hiyo kinajichukulia chenyewe, kutoka kwenye kimiminika na kwenye chuma. Ndiyo maana ubaridi unaanzia usawa wa kimiminika. Ni jamaa wa jasho linalokupoza ngozi, si wa tairi linalotolewa upepo. Na kimiminika kikipoa, kanieneo yake inashuka, moto unafifia ingawa gesi imo.

Usiupashe mtungi kwa moto kamwe. Ukiwa na shughuli kubwa tumia mitungi miwili kwa zamu. Jambo la pili: kipimo cha kanieneo hakikuambii kimebaki kiasi gani, maana maadamu kuna tone la kimiminika kanieneo ni ileile kwa jotoridi lilelile. Pima kwa mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa shingoni.

#15 MamaLishe_Ubungo

Ahsante sana. Mizani ninayo ya mchele, kuanzia leo nitapima.

#16 PCM_Tukuyu

Mwalimu, na hilo tairi linalotolewa upepo, valvu inakuwa baridi kweli. Je, gesi ikitanuka lazima ipoe?

#17 MwalimuWaJioni

Hapana, si lazima, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Tairi linapotolewa upepo, hewa iliyobaki ndani inaisukuma inayotoka. Inafanya kazi. Hakuna aliyewahi kuipa joto la kufidia, kwa hiyo inalipa kutoka kwenye salio lake. Molekuli zinagonga kitu kinachorudi nyuma, zinarudi zimepungua kasi, kama beki anayepokea mpira kwa kifua huku akirudi nyuma ili ufe miguuni mwake.

Sasa je, gesi ikitanuka *bila* kusukuma chochote? James Joule alilijaribu mwaka 1845. Alichukua vyombo viwili vya shaba vilivyounganishwa kwa koki. Kimoja alikijaza hewa kwa kanieneo ya angahewa 22, kingine akakitoa hewa yote. Akavizamisha ndani ya maji, akafungua koki. Hewa ikakimbilia upande mtupu, ikajaza vyombo vyote viwili. Kipimajoto cha maji hakikusogea. Hapakuwa na wa kusukumwa upande wa pili, hapakuwa na kazi, salio halikuguswa.

Maji yale yalikuwa mengi, badiliko dogo sana yangeweza kulimeza. Kuanzia 1852 Joule na William Thomson walipima kwa makini zaidi wakakuta gesi nyingi za kweli hupoa kidogo, kwa sababu molekuli zake huvutana na kutengana kunazigharimu. Gesi kamilifu, ile ambayo molekuli zake hazivutani na hazichukui nafasi, haipoi hata kidogo. Hewa yetu iko karibu nayo sana. Kwa gesi kamilifu nishati ya ndani inategemea jotoridi peke yake. Itanue, ibane, ilimradi jotoridi ni lile, salio ni lile.

Ukilishika hilo, ile 1.4 inajitokeza yenyewe. Chukua moli moja ya hewa, uipandishe jotoridi nyuzi 10. Ukiifungia kwenye chombo kigumu unahitaji jouli 208. Ukiiweka chini ya pistoni inayoweza kupanda, unahitaji jouli 291. Gesi ileile, nyuzi zilezile 10, kwa hiyo salio limepanda kiasi kilekile. Jouli 83 zimekwenda wapi? Zimeinua pistoni. Hewa ilitanuka kwa mililita 820 hivi ikiisukuma angahewa, na ukizidisha kanieneo ya angahewa kwa ujazo huo unapata jouli 83. Ni kazi ya kuinua ndoo yenye lita nane na nusu za maji kwa mita moja. Gawanya 291 kwa 208: 1.4.

Julius Robert Mayer alipitia njia hii mwaka 1842. Alikuwa daktari, na 1840 alisafiri na meli ya Waholanzi hadi Java. Alipowatoa damu mabaharia huko Surabaya aliona damu ya mishipa ya vena ni nyekundu kuliko alivyozoea Ulaya. Akawaza: kwenye nchi ya joto mwili unachoma kidogo kujipasha, oksijeni inabaki. Kutoka kwenye damu akafika kwenye swali la joto na kazi, na kwa kutumia tofauti ya yale matumizi mawili ya joto la hewa akakadiria kwamba kitu kikianguka mita 365, kazi yake inatosha kupasha maji ya uzito uleule nyuzi moja. Thamani tunayoijua leo ni mita 427. Vipimo vya joto la hewa vya wakati wake ndivyo vilivyomwangusha, wazo lake lilikuwa zima.

#18 Kibosho_Juu

Mwalimu, mimi nimezaliwa mlimani. Mwanangu wa darasa la sita kaniuliza: kilele cha Kibo, hapa Kilimanjaro, kiko karibu na jua kuliko sisi, mbona ndiko kwenye barafu? Nikamwambia hewa ya juu ni nyepesi. Akaniuliza, nyepesi ndiyo baridi? Nikakosa jibu. Kwa huu uzi naona jibu linakuja, lakini sijaliweka sawa.

#19 MwalimuWaJioni

Mzee wangu, umeniletea ninalolipenda kuliko yote, maana kila asubuhi nikifungua dirisha naliona.

Jua liko kilometa milioni 150. Kilometa sita za mlima hazisogezi kitu. Na miale ya jua haipashi hewa sana ikipita, inapasha ardhi, ardhi ndiyo inaipasha hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ya chini, ikishapata moto, inapanda. Huko juu kanieneo ni ndogo (kwenye kilele ni karibu nusu ya ile ya pwani), kwa hiyo inatanuka. Kutanuka kwake si kama kwa Joule, si kuingia mahali patupu. Inaisukuma hewa iliyoizunguka ili ipate nafasi. Inafanya kazi. Na donge kubwa la hewa linalopanda halina wa kulipa joto njiani, linalipa kutoka kwenye salio lake. Hakuna aliyelinyang'anya joto. Limejipoza kwa kufanya kazi.

Ukipiga hesabu, hewa kavu inapoteza karibu nyuzi 10 kila kilometa inayopanda. Moshi tuko mita 800 na kitu, Uhuru iko mita 5,895. Kilometa tano, nyuzi 50. Siku ya nyuzi 28 mjini, kilele kingekuwa 22 chini ya sifuri. Kipimajoto kilichowekwa kwenye barafu ya kaskazini kinaonyesha wastani wa karibu nyuzi 7 tu chini ya sifuri. Tofauti imeletwa na mvuke: hewa ya kutoka Bahari ya Hindi ina unyevu, ikipoa mvuke unageuka mawingu na mvua, na mvuke ukigeuka maji unarudisha ile nishati iliyomezwa wakati maji yalipogeuka mvuke, ile ya mtungi wa mama wa Ubungo. Kwa hiyo inapoa polepole zaidi, nyuzi sita au saba kwa kilometa. Mvua inayomwagilia kahawa na migomba ya Kibosho ni sehemu ya hesabu hiyohiyo.

Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, aliandika kwamba aliona weupe juu yake na kiongozi wake wa msafara akauita kwa neno moja tu: baridi. Taarifa ilipofika Uingereza, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London, aliikataa katakata, theluji isingeweza kuwepo nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Yule kiongozi alikuwa na jibu sahihi kuliko mtaalamu.

Mwambie mwanao: hewa ya juu ni baridi kwa sababu imefanya kazi ya kutanuka njia nzima na hakuna aliyeilipa.

#20 Kibosho_Juu

Nimemsomea. Anauliza hewa ikishuka tena inapata moto?

#21 MwalimuWaJioni

Ndiyo, inabanwa njiani kama kwenye pampu. Huyo mtoto mlee vizuri.

#22 FundiMakambako

Mwalimu, nimerudi na jambo la gereji. Zile namba zako mbili sikuzisahau.

Lile lori linalokataa asubuhi limenijia leo, uwiano wake ni 18 kamili. Nimefunga kipimo cha kompresheni, nikapiga stata, silinda moja moja. Ya kwanza bari 28 (bari moja ni kama angahewa moja). Ya pili 29. Ya tatu 14. Ya nne 28. Ya tano na ya sita 27. Kwanza nieleze mbona hata nzima hazifiki 57.

#23 MwalimuWaJioni

Kwa sababu stata inazungusha polepole kuliko injini iliyowaka. Kuta za chuma zinapata muda wa kula joto, hewa kidogo inavuja kwenye ringi, na valvu ya kuingiza inachelewa kufunga hivyo mbano wa kweli ni chini ya 18. Asubuhi ya baridi inaumiza mara mbili. Hewa ikiingia na nyuzi 8, yaani kelvini 281, kwenye hesabu safi bado inafika nyuzi 620, hiyo ingetosha kabisa. Ila chuma baridi kinakula zaidi, na oili nzito na betri baridi vinaipunguza kasi stata, chuma kinapata muda zaidi wa kula. Zinabaki nyuzi chache kuliko dizeli inavyotaka, unapata moshi mweupe.

Lakini silinda ya tatu, fundi. Zile nyingine kwenye injini hiyohiyo, valvu zilezile, stata ileile, zimevuka 18 vizuri. Hata kuta zingeiba joto lote, hewa isiyovuja ikibanwa kwa uwiano huo inabaki na Boyle, haishuki mpaka 14 wakati jirani yake ana 28. Hapo hakuna wizi wa joto peke yake, hewa yenyewe inatoka.

#24 FundiMakambako

Ndivyo nilivyohisi. Nimemimina kijiko kimoja cha oili ndani ya hiyo silinda, nikapima tena: imepanda hadi 22. Ingekuwa valvu isingepanda. Ni ringi. Mwenye gari ameshaniambia nifungue, kesho asubuhi naitoa pistoni ya tatu.